Picha Nyeupe

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinamtaka hakimu anayeletewa ushahidi wa kielektroniki aangalie umetengenezwaje, umehifadhiwaje na umesafirishwaje, na kama njia hiyo inaaminika. Sijawahi kusimama kizimbani, lakini kifungu hicho nakitumia karibu kila asubuhi. Kazi yangu ni kujaribu mifumo ya kompyuta kabla haijafika kwa watumiaji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mashine usiku, sisi tukiwa tumelala. Mashine inafungua kivinjari, inaingiza jina na nywila, inabonyeza vitufe, inajaza fomu, na pale jambo linapokwama inapiga picha ya skrini kisha inaendelea na safari. Asubuhi naletewa picha. Picha hiyo ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo. Ikija nyeupe, au nyeusi, au isipokuja kabisa, nabaki na mstari mmoja wa maandishi unaosema kitufe fulani hakikuonekana, na kutoka hapo ni kubahatisha.

Kazi hii nilifundishwa Mwanza mjini, lakini niliielewa niliporudi nyumbani Magu. Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa inatengeneza mfumo wa kuandikisha wakulima wa pamba kupitia vyama vyao vya msingi, hizi AMCOS zetu: mkulima analeta mzigo chamani, unapimwa, karani anaingiza kilo, na malipo yanatumwa kwenye simu. Pamba ndiyo inayobeba miezi ya katikati ya mwaka huku kwetu. Ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, maghala ya vyama yanajaa na foleni za wakulima zinaanza alfajiri. Karani anaandika kilo za pamba safi kwenye safu moja na kilo za pamba fifi kwenye safu nyingine, maana bei zake hazilingani. Kosa la safu moja ni sare ya mtoto isiyonunuliwa. Ndiyo maana niliichukulia kazi hii kwa uzito wote, na ndiyo maana niliwaomba wakubwa wa kampuni majaribio yaendeshwe kutoka Magu, kwa mtandao wa simu ule ule wanaoutumia makarani, badala ya kutoka ofisi yenye intaneti ya waya. Walikubali.

Tulitumia Selenium, chombo kilichoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa na kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago. Utaratibu wake wa kukiamuru kivinjari, WebDriver, ulipitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwezi Juni 2018. Kiwango hicho kinaieleza picha ya skrini kwa maneno machache sana: kivinjari kinachora eneo la ukurasa linaloonekana, kinalifanya picha ya aina ya PNG, halafu picha inageuzwa kuwa mfululizo mrefu wa herufi na kurudishwa kwa aliyeiomba. Maelezo hayo yafaa kusomwa polepole. Kinachopigwa ni eneo linaloonekana, ukurasa mzima haumo. Anayechora ni kivinjari, na skrini ya kompyuta haihusiki. Kinachorudi ni herufi tu, na kuziandika kwenye faili ni kazi ya programu nyingine kabisa. Matatizo mengi niliyokutana nayo yalikuwa yamejificha humo.

La kwanza lilikuwa picha kutokuwepo. Majaribio yanaanguka, ripoti inasema picha imepigwa, folda tupu. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote. Majaribio yetu mapya yalikuwa kwa lugha ya Python, na katika Selenium ya Python amri ya kuhifadhi picha ina tabia moja ambayo kila anayeanza angepaswa kuambiwa siku ya kwanza: ikishindwa kuandika faili, haipigi kelele. Inarudisha jibu la "hapana" na kunyamaza. Kama folda uliyoitaja haipo, haitaiunda. Kama huna ruhusa ya kuandika humo, haitalalamika. Usipolisoma jibu lake, utaamini picha ipo. Dawa yake ni nyepesi: unda folda mwenyewe kabla, taja njia kamili ya faili kuanzia mzizi, soma jibu la amri, na likiwa hapana lisimamishe zoezi kwa sauti kubwa. Kijana mwenzangu aliyekuwa Mwanza alikuwa na kisa cha jirani na hicho. Majina ya picha zake yalibeba saa na dakika zikitenganishwa na nukta pacha, na Windows hairuhusu alama hiyo kwenye jina la faili. Kwangu, kwenye Linux, zilikuja. Kwake hazikuja.

Halafu ikaja ile ya Ng'haya, ambayo naipenda kwa sababu isingetokea pengine. Tulikuwa tunajaribu kata kwa kata, na kila picha ilibeba jina la kata yake. Asubuhi zikaja picha za Kabila, Kahangara na Lutale. Za Ng'haya, Nyanguge na Shishani hazikuja. Mwenzangu alipiga simu ameshakata shauri.

"Dada, mtandao wa huko ulikatika usiku. Umeishia katikati."

Nilimwambia asome majina kwa mpangilio wa alfabeti, aangalie zinaishia wapi. Zilikuwa zinaishia kwenye ritifaa. Amri iliyokuwa inapokea orodha ya majina ili kuzituma picha iliiona ile alama ya juu katika Ng'haya kama mwanzo wa nukuu isiyofungwa, ikakataa kuendelea. Picha zilikuwepo kwenye diski, nzima kabisa. Usukumani ritifaa iko kila mahali, katika majina ya vijiji na ya watu. Kina Ng'wandu ni wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu. Mfumo wowote unaokuja huku bila kulijua hilo utajikwaa, na picha za majaribio zilitusaidia kujua mapema kwamba hata fomu ya kuandikisha wakulima ilihitaji kukaguliwa kwa jambo hilo hilo.

Majaribio ya zamani, yaliyoachwa na waliotutangulia, yalikuwa kwa lugha ya Java, na ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Kila jaribio likianguka, mpigapicha alikuja na ujumbe kwamba hakuna kivinjari cha kupiga. Na kweli hakikuwepo. Katika JUnit 5, ile sehemu inayoarifiwa kwamba jaribio limeanguka huitwa baada ya usafi kukamilika, na usafi wenyewe ndio unaofunga kivinjari. Ni sawa na kutaka kupima pamba wakati mizani imeshapakiwa kwenye lori. Waliotutangulia walikuwa wameongeza mapumziko ya sekunde kadhaa kabla ya kupiga, kisha wakaongeza tena, kana kwamba mfu atazinduka akisubiriwa. Chombo hicho hicho kina sehemu nyingine inayoitwa mara tu jaribio linapotupa hitilafu, kabla ya usafi. Tulihamishia picha huko na jambo likaisha. Yeyote anayepambana na tatizo hili asianze na mipangilio ya kivinjari. Aandike kwenye karatasi nani anaitwa kwanza na nani anafuata, jaribio linapoanguka. Mara nyingi jibu liko kwenye mpangilio huo.

Kulikuwa pia na picha nyeusi, nyeusi tii. Hizo zilitoka kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini. Visanduku vya onyo vinavyofunguliwa na kivinjari havimo katika picha ya WebDriver, na ukiomba picha wakati kisanduku kimesimama unaweza kupata hitilafu badala ya picha. Basi mtu mmoja zamani aliamua kupiga picha ya skrini nzima ya kompyuta ili visanduku vionekane. Ilifanya kazi mchana. Usiku, mtu aliyeunganisha kompyuta ile kutoka mbali alipojitoa, Windows iliacha kuichora skrini, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuitazama. Mashine ikapiga giza kwa uaminifu. Tuliacha njia hiyo. Tukayasoma maneno ya kisanduku kwa amri yake, tukayaandika kwenye ripoti, tukakifunga, ndipo tukapiga picha ya ukurasa.

Nyeupe ndizo zilizonifundisha zaidi.

Kurasa za siku hizi zinakuja kwa vipande. Kwanza kinafika kiunzi, kivinjari kinatangaza kwamba ukurasa umepakiwa, kisha programu iliyomo ndani yake inaanza kwenda kuomba data: majina ya wakulima, kilo, bei. Kati ya tangazo na data kuna nafasi, na kwa mtandao wa simu wa Magu nafasi hiyo inaweza kuwa kubwa. Mashine haina subira isiyoambiwa. Inaona ukurasa umepakiwa, inatafuta jedwali, haikuti, inapiga picha ya ukurasa mweupe wenye kiduara kinachozunguka, inaandika kwamba jaribio limeanguka. Wengi hujibu kwa kuweka mapumziko ya sekunde tano kila mahali. Mapumziko hayo ni marefu mno siku mtandao ukiwa mzuri na mafupi mno ukiwa mbaya, na majaribio mia yakipumzika bila sababu, usiku hautoshi.

Kinachofaa ni kusubiri kitu chenye jina. Iambie mashine isubiri hadi jumla ya kilo ionekane chini ya jedwali, uipe mwisho wa subira, na mwisho huo ukifika ipige picha na iandike ilikuwa inasubiri nini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Picha nyeupe yenye maelezo "nilisubiri jumla ya kilo, haikuja" ina thamani. Picha nyeupe tupu haina. Tuliongeza pia anwani ya ukurasa, maandishi ya ukurasa wenyewe, na makosa yaliyoandikwa na kivinjari ndani kwa ndani, vyote vikihifadhiwa pamoja na picha kwa jina moja.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Asubuhi iliyofuata folda yangu ilikuwa nyeupe kuanzia juu hadi chini. Ofisini walisema tuyatupe matokeo hayo kwa kuwa si kosa la mfumo. Nilipinga, na ningepinga tena leo. Mfumo haukukata waya, ni kweli. Lakini zile picha zilikuwa zinaonyesha kile ambacho karani wa chama angekiona siku hiyo akiwa na wakulima mbele yake: ukurasa mweupe na kiduara, bila neno hata moja la kumwambia kwamba mtandao uko chini, kwamba alichoandika hakijapotea, asiandike mara ya pili. Karani asiyeambiwa kitu atabonyeza tena. Tuliwapelekea watengenezaji picha hizo, nao wakaweka maandishi kwa Kiswahili: mtandao uko chini, taarifa zako zimehifadhiwa, subiri. Tangu hapo sikuitazama picha nyeupe kama takataka.

Baadaye kampuni ilihamishia majaribio kwenye seva ya kukodi nje ya nchi. Sikuifurahia hatua hiyo, ila ilikuwa na sababu zake, ya kwanza ikiwa umeme. Huko kivinjari kinaendeshwa bila dirisha: hakuna skrini, ukurasa unachorwa kwenye kumbukumbu tu. Chrome iliruhusu utaratibu huo tangu 2017. Matatizo mapya yakaja na seva. Saa yake ilifuata UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kila kilichopigwa kati ya saa sita na saa tisa za usiku kiliwekwa kwenye folda ya jana, na watu wakaapa kwamba hakuna picha. Kontena za Docker huanza na megabaiti 64 tu za kumbukumbu ya pamoja, na Chrome ikikutana na ukurasa mzito inazidiwa na kuanguka kabla ya kurudisha chochote. Hayo yana dawa zinazojulikana na sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye ukubwa wa dirisha. Kivinjari kisicho na dirisha kisipoambiwa ukubwa, Chrome kwa kawaida huchukua nukta 800 kwa 600. Picha zetu zikaanza kuja zimekatwa upande wa kulia. Kijana wa Mwanza alipendekeza tuweke 1920 kwa 1080, kila kitu kionekane, twende mbele. Ndivyo maelekezo mengi yanavyoshauri, na kwa mifumo mingi ni sawa. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kwenye chama kimoja kuuliza kuhusu fomu ya pembejeo, na nilikuwa nimechapisha baadhi ya picha hizo kwenye karatasi. Karani wa pale ni mtu mzima, amepima pamba tangu enzi za mizani ya mawe. Tuliamkiana, akazichukua karatasi, akazigeuza, akavua miwani akaivaa tena.

"Mayu, hii ni ile ya kwenye kishikwambi?"

"Hapana baba, hii imepigwa na kompyuta iliyoko mbali."

"Mbona ni ile ile? Fifi haipo. Na kwangu haipo. Mimi huwa nasukuma hivi kwa kidole ndipo inakuja. Yule binti anayenisaidia hajui kusukuma, anajaza zote safi."

Alikuwa anazungumzia safu ya pamba fifi. Vyama kadhaa vilikuwa vinatumia vishikwambi, vifaa ambavyo Watanzania wengi tulivifahamu katika Sensa ya 2022, na kwenye skrini zake nyembamba safu ya mwisho ya jedwali ilikuwa inatoka nje. Seva ya mbali, kwa ukubwa wake wa chaguo-msingi, ilikuwa imepiga kwa bahati kile anachokiona karani wa Magu. Kama tungepanua dirisha siku ile, picha zingekuja safi na nzuri, majaribio yote yangefaulu, na pamba fifi ingeendelea kuandikwa safi hadi siku ya hesabu, wakati kilo haziendani na malipo na anayeulizwa ni karani.

Nilimpigia mwenzangu nikiwa bado ghalani. Nilimwomba asibadilishe kitu. Badala yake tuliandika ukubwa wa dirisha wazi wazi ndani ya majaribio, tukayaendesha kwa ukubwa zaidi ya mmoja: wa kishikwambi, wa simu, wa kompyuta ya mezani, na kila picha ikabeba ukubwa wake kwenye jina. Tuliongeza pia picha ya ukurasa mzima pale inapohitajika, ambayo kwa Chrome hupatikana kwa njia ya vyombo vyake vya ndani vya watengenezaji. Watengenezaji walilipanga upya jedwali, fifi ikakaa chini ya safi badala ya pembeni.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo nalisisitiza kwa kila anayefanya nami kazi. Picha ya skrini inabeba kila kilichokuwa kwenye skrini. Jina la mkulima, namba yake ya simu, kiasi alicholipwa. Nimeona picha za namna hiyo zikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini ili mtu aulize "hii ni nini?", na humo zinakaa milele. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, heshima inatosha. Majaribio yatumie wakulima wa kubuni, wenye majina ya kubuni yaliyo na ritifaa ndani yake, na namba zisizo za mtu. Picha zikae mahali penye ufunguo, zifutwe muda wake ukifika.

Kwako unayeanza kazi hii, iwe Magu, Bunda au Kisumu: kabla ya kuyaamini majaribio yako, livunje moja kwa makusudi. Tafuta kitufe ambacho unajua hakipo, liache lianguke, kisha nenda katafute picha. Angalia kama ipo, kama iko kwenye folda ya tarehe sahihi, kama ina ukubwa ulioutaka, kama inaonyesha ukurasa ulioutarajia. Lifanye hilo kwenye kompyuta yako na ulirudie kwenye seva, kwa sababu majibu hayatafanana. Na ninyi mnaotengeneza mifumo ya wakulima mkiwa Dar es Salaam au Dodoma, tafadhali waajirini vijana wa huku waijaribu hapa hapa, kwa vishikwambi vya hapa na mtandao wa hapa, kabla msimu wa pamba haujafunguliwa.